Nuru na jani la muhogo

Majani ya chini ya muhogo yakianza kuwa ya manjano, wengi wetu husema yamezeeka, basi. Mtaalamu hasemi hivyo upesi. Huliinua jani kwenye mwanga aone unjano umekaa wapi. Ukiwa umefuata vishipa vya jani, huenda ni michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoozesha muhogo chini kwa chini huku mti umesimama kama kawaida.

Jicho la namna hiyo ndilo lililofundishwa kwa programu ya simu iitwayo Nuru, kazi ya PlantVillage, mradi wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Katika utafiti wao wa mwaka 2017 zilitumika picha 2,756 za majani kutoka mashamba ya majaribio ya Bagamoyo, zikiwa zimepewa majina na wataalamu: hili lina ugonjwa wa batobato, hili limeliwa na utitiri, hili zima. Kompyuta ilipopewa picha ngeni ilipatia takriban asilimia 93.

Picha 2,756 ni chache mno. Hazina ya ImageNet, iliyoifunza dunia ya akili mnemba kutambua vitu kama mbwa, ina picha zaidi ya milioni 14, zilizopewa majina na watu karibu 49,000 wa nchi 167. Lakini mbwa anajulikana na kila mtu. Michirizi ya kahawia haijulikani na kila mtu, na ukikusanya umati wa wasioijua hupati mwalimu hata mmoja. Hapo nawaunga mkono waliotegemea wataalamu wachache. Tena Nuru hufanya kazi bila intaneti, na kwa kijiji ambacho bwana shamba huonekana kwa nadra, hilo si jambo dogo.

Ila mwanafunzi hurithi na upofu wa mwalimu. Watafiti haohao walipoijaribu mashine kwenye simu, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba dalili hafifu ziliitatiza zaidi kuliko zilizokomaa. Na mkulima anahitaji msaada wakati dalili zingali hafifu, anapochagua pingili za kupanda. Jani likishajikunja lote kwa batobato, hata mtoto anaona.

Kuna kubwa zaidi. Baadhi ya mbegu za muhogo hazionyeshi kitu cha maana kwenye majani, na ukiukata mzizi unakuta uozo mkavu wa kahawia. Kamera haichimbi. Anayeujua uozo ule ni mama aliyesimama na kisu jikoni, na yeye kwenye mpango huu amewekwa upande wa kupokea majibu tu.

Wapo watakaosema wakulima wakiruhusiwa kutoa majina ya magonjwa, data itachafuka: ukame utaitwa ugonjwa, na ugonjwa uzee. Wana hoja, mimi mwenyewe nimeanza kwa kukiri tunavyolisoma vibaya jani la manjano. Lakini si lazima mkulima aulizwe kuhusu jani. Afunge kitambaa kwenye shina alilolipiga picha, na siku ya kuvuna aukate mzizi na kuupiga picha pia. Mtaalamu abaki na jani lake. Jibu litakuwa limelala pale kwenye ungo.