Rili ya kurushia mbali: spuli kubwa au iliyozibwa maji?

Wazee wa kuvua ufukweni, hii kitu ya rili, yaani mashine ya kukunjia uzi wa kuvulia, inatugawa sana na mi naona kila upande una haki yake. Wengine wanasema ukitaka kufika mbali chukua spuli kubwa (kile kigurudumu kinachobeba uzi), zile saizi 14000 kama Ultegra ya Shimano, wengine wanakwambia pwani hii chumvi na mchanga vitaimaliza, chukua iliyozibwa maji yasiingie kama Spinfisher ya Penn hata kama itarusha pungufu kidogo.

Tuanze na spuli. Kwenye rili hizi ukirusha spuli haizunguki, uzi unachomoka ukipitia ukingoni, sasa kadiri uzi unavyopungua na kushuka chini ya ule ukingo ndivyo unavyosuguana nao na hapo ndo mita zinapopotea. Spuli pana na ndefu unaweza kutoa mita mia na bado uzi haujashuka sana, kwa hiyo anayetumia mono (uzi mmoja wa nailoni) ya milimita 0.35 akiipenda namuelewa kabisa. Lakini tia breidi (uzi mwembamba wa kusukwa) ya milimita 0.18 uone, hata spuli ya kawaida haishuki kitu, tofauti inakuwa ndogo mno. Na wengi wanaacha uzi milimita tano chini ya ukingo halafu wanalaumu rili, jaza bana, bakisha milimita 1 au 2 tu.

Ila breidi na matumbawe haviivani. Watamu au Kilifi ikigusa mwamba tu imekatika, na kusi ikivuma ukiiacha ilegee kidogo inajipiga mafundo, hapo unarudi kwenye mono na spuli kubwa inapata maana yake. Mambrui, karibu na mdomo wa mto Sabaki, ni mchanga mtupu, breidi inafanya kazi vizuri sana.

Lida, ule uzi mzito wa mbele, hapo sibishani na mtu, maana chubwi (risasi ya uzito) la gramu 150 likikata uzi katikati ya kurusha linaweza kuua mtu. Nguvu ya ratili 10 kwa kila aunsi ya chubwi, yaani gramu 150 funga lida ya ratili 55 kwenda 60, fundo dogo lisikwaruze ukingo wa spuli.

Tukija kwenye chumvi ndo roho inaniuma. Nyingi ya hizi spuli kubwa zinauzwa zaidi kwa wavuvi wa maziwani Ulaya, maji yasiyo na chumvi. Yangu ilipigwa na wimbi mara moja tu, nikaisuuza juu juu nikaenda kulala, miezi miwili mbele mkono ukizungusha unasikia mchanga unasagika ndani. Iliyozibwa nayo haijakamilika, mipira yake inafanya mzunguko uwe mzito, na ukiipiga maji ya mpira kwa presha unaisukumia chumvi ndani mwenyewe, mwagia taratibu breki ikiwa imekazwa.

Kama hela ni ya rili moja mi nasema chukua iliyozibwa, hiyo Spinfisher ina hata toleo la Long Cast lenye spuli ndefu, halafu tafuta spuli ya pili, moja breidi ya mchangani, moja mono ya mwambani. Ukiwa na rili ya pili tayari, na unaiosha kila ukirudi, basi hiyo 14000 nunua bila wasiwasi, maana siku za maji mafu (yakijaa na kupwa kidogo tu) samaki wakikaa nje kule hata mita chache za ziada utaziona.