Mchele Ukishatiwa Hamira

Mwaka 2019 nilitoa shilingi elfu hamsini nikaingia kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa Dar es Salaam, kumsikiliza bwana mmoja aliyevaa suti ya buluu akinieleza kwamba sifanikiwi kwa sababu nalala sana. Watu wote waliofanikiwa, alisema, saa kumi na moja alfajiri wako macho. Tukapiga makofi. Tukaambiwa kila mtu amgeukie aliye kando yake na kumwambia "wewe ni mshindi." Kando yangu alikuwa mzee mmoja aliyeletwa na binti yake. Aliniambia kwa aibu huku akitazama viatu vyangu, nami nikamrudishia, halafu tukakaa kimya kama watu waliofumaniwa.

Kesho yake niliamka saa kumi na moja kweli. Nikatoka kibarazani na kikombe cha chai, najiona mtu mpya, nikakuta kwa jirani taa inawaka na kikaango kiko jikoni. Yule mama anauza vitumbua. Kumbe miaka minne niliyopanga pale, kila siku alikuwa ameshaamka saa mbili kabla ya huo muda wa mabilionea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unaumwa?"

Nikamwambia siumwi, nimeamua kubadilika, nitakuwa naamka mapema. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Mimi ningekuwa na hela ningelala hadi saa tatu."

Hapo ndipo elfu hamsini yangu ilipoanza kuniuma. Kama kuamka alfajiri kungekuwa ndiyo siri, hoteli ile ingekuwa ya mama huyu. Nenda kituo chochote cha daladala Mbagala au Gongo la Mboto saa kumi na moja uone umati ulivyo: mafundi, walinzi, akina dada wa usafi wa ofisini. Hakuna anayewaita washindi.

Mimi nilidumu siku nne. Ya tano nilizima kengele ya simu nikiwa usingizini, na hadi leo sikumbuki nilivyoizima. Lakini swali lilibaki. Mama huyu hana daftari la malengo, hana picha ya gari ukutani, na kwa kauli yake mwenyewe hapendi kuamka. Anawezaje, kila siku? Nilimuuliza jioni moja akiwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele.

"Si mchele nishautia hamira?"

Nikamwomba anieleze. Mchele, kilo tatu, anauloweka mchana. Jioni anausaga na tui la nazi, anatia sukari, iliki na hamira, anafunika sufuria. Rojo linaanza kuumuka wakati yeye anasinzia. Likishaumuka halimsubiri mtu. Akilala mpaka kukikucha atakuta limechachuka, na mtaji umemwagika chooni. Halafu saa kumi na mbili watoto wa shule wanapita, kila mmoja na mia mbili yake mkononi, na wasipomkuta wataenda kwa mwenzake wa mtaa wa pili.

Sijawahi kusikia maelezo mazuri kuliko hayo juu ya nidhamu. Mama haamki kwa sababu ana moyo wa chuma. Jioni, akiwa bado na nguvu, anajifunga kamba ambayo yule mama mchovu wa saa tisa usiku hataweza kuifungua. Akiamka hana cha kuamua, maana uamuzi ulipita tangu jana pale alipofungua pakiti ya hamira. Na upande wa pili wa kamba wamesimama watu wanaomtazamia.

Simpambi, naomba nieleweke. Moshi umemharibu macho, na mgongo anaulalamikia kila msimu wa baridi. Kazi yake ni shida kabla ya kuwa funzo kwa mtu kama mimi. Ila ujuzi wake ni wa kweli, na haumo katika hotuba za hamasa.

Wahubiri wa hamasa wanapenda pia zile siku 21: fanya jambo kwa siku 21 litakuwa tabia. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti wa watu 96, kila mmoja akijaribu kujizoesha jambo moja dogo, kama kunywa maji au kukimbia kidogo kabla ya mlo. Katikati ya kundi ilichukua siku 66 mpaka jambo lifanyike lenyewe bila kulifikiria. Aliyewahi kuliko wote alitumia 18, na kwa mzito kabisa makadirio yalifika 254. Waligundua pia kwamba kuruka siku moja hakubomoi kitu. Laiti ningelijua hilo siku ya tano! Mimi nilipolala asubuhi moja nilihesabu kila kitu kimekufa, nikarudi kwenye maisha yangu ya zamani kama mtu anayerudi kwao baada ya msiba.

Tazama kuweka akiba. Nimenunua vibubu vitatu vya mbao maishani, na vyote nimevichokonoa kwa kisu cha jikoni. Kuna ufundi wake: unakiinamisha, unapenyeza kisu chembamba, noti inateleza juu ya bapa. Nilikuwa nimebobea. Mama yule yule yuko kwenye kikoba, kikundi cha akiba cha mtaani, na sanduku lao lina kufuli tatu, funguo wameshika watu watatu tofauti. Kulifungua lazima wote watatu wawepo. Jumapili kila mwanachama ananunua hisa zake mbele ya wenzake, zinahesabiwa kwa sauti, zinaandikwa. Utaratibu wa namna hii ulianza na vikundi vya wanawake nchini Niger mwaka 1991, chini ya shirika la CARE, na leo umeenea hapa kiasi kwamba vikundi vya kijamii vya kifedha vimewekewa nafasi katika Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Ukiutazama vizuri, waliouunda hawakumwamini mtu mmoja mmoja hata kidogo, na walikuwa na haki. Mimi mwenye kisu ni shahidi.

Najua wapo watakaosema mtu mzima anapaswa kujisimamia. Nilikuwa nasema hivyo pia, nikimtolea mfano Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya. Nani ana nidhamu ya nafsi kumzidi? Lakini jinsi alivyoishi kunanirudisha kwa mama wa vitumbua. Kwa miaka mingi, akiwa tayari tajiri na bingwa wa dunia, Kipchoge siku za wiki alikaa kambini Kaptagat, Kenya, na wanariadha wenzake chini ya kocha Patrick Sang, akishika zamu ya kusafisha choo kama wengine, na kila mazoezi akiyaandika kwenye daftari. Nyumbani kwa familia alikuwa akienda mwisho wa wiki. Na tarehe 12 Oktoba 2019 kule Vienna, alipomaliza kilomita 42 na ushee kwa saa 1:59:40, alikuwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumkingia upepo. Ndiyo sababu mojawapo haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Mimi naona ndicho kipande kizuri kuliko vyote: hata miguu ile haikwenda peke yake.

Basi mwaka jana nikaacha kujipigia hotuba nikajiunga na klabu ya jogging ya mtaani kwetu. Kama hujawahi kuziona, Jumamosi alfajiri zimejaa barabara za Dar: fulana za rangi moja, nyimbo, filimbi, wazee mbele, vijana nyuma. Miezi miwili nilikwenda vizuri. Kisha mvua za masika zikaanza na nikakosa mara tatu mfululizo.

Nilijiandaa kwa faini, shilingi elfu mbili kwa kila siku uliyokosa. Nilishaziweka mfukoni kabisa, na nikiri kwamba nilikuwa nimeanza kuziona kama bei ya usingizi. Kwenye kikao katibu akafungua daftari ataje majina. Mwenyekiti, fundi cherehani mwenye umri wa baba yangu, akamzuia. "Huyu ukimtoza atalipa, halafu atalala. Mpeni filimbi."

Filimbi ndiyo inayoongoza mwendo. Bila filimbi wimbo haushiki, mbele wanakwenda kasi na nyuma wanaachwa, watu arobaini wanabaki kutembea kama wametoka mnadani. Zamani aliishika kijana mmoja aliyehamia Dodoma. Wakanivisha shingoni pale pale, kamba yake nyekundu imefifia kwa jasho la watu nisiowajua.

Leo ni Ijumaa. Nimeshaisuuza na kuitundika kwenye kitasa cha mlango, juu ya raba. Ng'ambo ya ukuta nasikia mama amewasha blenda, anasaga mchele. Mwenyekiti naye ametuma ujumbe, neno moja tu: "Filimbi?"

Nimemjibu ipo.