Ayoni ndani ya maji ya superkritiko: NMR haijatendewa haki

Anayetaka kujua hali ya ayoni (atomi zenye chaji) za metali katika maji ya superkritiko, yaani yaliyopita nyuzi 374 za Selsiasi na megapaskali 22.1 (nukta ya kikritiko), mara nyingi hukimbilia eksirei. Ana sababu. Miale ya sinkrotroni, mashine inayotoa eksirei kali, huhesabu molekuli za maji zilizoizunguka ayoni na kupima umbali wake. NMR, spektroskopia ya mwangwi wa sumaku wa viini vya atomu, huachiwa kazi ya usaidizi.

Lawama zake ni za kweli. Mawimbi ya redio hayapenyi ukuta wa chuma, basi koili inayopokea ishara ikae ndani ya chombo cha shinikizo, au chombo kiwe cha kauri. Kwatsi huliwa na maji hayo. Ukipanda kutoka nyuzi 25 hadi 400, mpangilio wa viini unaozaa ishara hushuka chini ya nusu.

Ila hesabu ya majirani haimalizi swali. Nani kashikana na nani? Maji ya kawaida hupunguza mvuto wa chaji mara 78 hivi. Kwenye nukta ya kikritiko, mara 6 tu. Joto halisi limezidi maradufu, na joto hutenganisha chaji, lakini kinga ya maji imeporomoka mara 13. Kwa hiyo umbali ambao mvuto wa chaji mbili unalingana na nishati ya joto hurefuka kutoka nanomita 0.7 hadi zaidi ya 4. Sasa chukua mmumunyo hafifu wa kloridi ya sesiamu, moli 0.01 kwa lita: wastani wa nafasi kati ya ayoni ni nanomita 4 na ushei. Yaani hata pale tunapodhani ayoni iko peke yake, tayari imo mikononi mwa jirani.

Hapo NMR ina la kusema. Sesiamu na sodiamu za asili zina isotopu moja tu thabiti kila moja, hivyo kila atomi huchangia ishara, na mstari wake kwenye spektra ya NMR husogea kloridi inapochukua nafasi ya maji. Tena mawimbi ya redio hayavunji molekuli, ilhali miale mikali ya eksirei huzalisha elektroni huru zinazoweza kubadili hali ya shaba katikati ya kipimo. Mwaka 1997 watafiti Hoffmann na Conradi walitumia NMR ya protoni, viini vya hidrojeni, kuonyesha kuwa kwenye nyuzi 400 na baa 400 vifungo vya hidrojeni, vinavyoshikanisha molekuli za maji, bado ni asilimia 29 ya vile vya maji ya kawaida, wakati vipimo vya nyutroni vya 1993 viliashiria kwamba karibu vimetoweka.

Nakubali mstari huo ni wastani: jozi za ayoni huungana na kuachana haraka mno, na bila kielelezo cha hesabu hupati umbali. Kwa ayoni za shaba yenye chaji mbili, ambazo sumaku yake hufuta mstari wake wenyewe, eksirei itangulie. Kwa sesiamu, sodiamu na lithiamu, ningeanza na NMR: joto lisibadilike, msongamano wa maji upandishwe hatua kwa hatua, mstari ufuatiliwe unavyohama.