Ukuta mnene au utando wa nje: bakteria yupi kajikinga vizuri zaidi?

Ukitaja ukuta wa bakteria watu wanafikiria kitu kigumu kimekaa tu pale, kumbe ni wavu wa sukari na amino asidi unaoitwa peptidoglikani, na bakteria anaukata na kuushona upya muda wote anavyokua. Wavu ukichanika tu kwisha habari, maji yanaingia seli inapasuka, kwa sababu presha ya ndani kwa bakteria kama Staphylococcus inakadiriwa kufika hata mara 20 ya presha ya hewa.

Sasa tangu daktari wa Denmark Hans Christian Gram alipotoa ile njia yake ya kuwapaka bakteria rangi ili kuwatofautisha, 1884, tunajua kuna makambi mawili, Gram chanya wenye ukuta mnene ulio wazi nje, na Gram hasi wenye ukuta mwembamba ila juu yake kuna utando mwingine wa mafuta.

Wanaotetea ukuta mnene wana hoja nzito. Lisozaimu, kimeng'enya kilichomo kwenye machozi na mate yetu, kazi yake ni kukata ule wavu, lakini Staphylococcus aureus anabandika asetili, kipande kidogo cha kemikali, kwenye sukari za wavu wake na kimeng'enya kinakosa pa kushika! Enterococcus sugu ndio kabisa, anabadilisha kipande kimoja tu cha mwisho kwenye mnyororo wa amino asidi na vankomaisini, antibiotiki inayonata hapohapo, inashindwa kung'ang'ania. Ila angalia vizuri, hapo adui keshafika ukutani, ndo wanahangaika.

Gram hasi adui anaishia nje. Vankomaisini ni molekuli kubwa haipiti kwenye vitundu vya utando, na penisilini ikipenya mara nyingi inakutana na beta-laktamasi, kimeng'enya cha bakteria, inaivunja kabla haijafanya kazi yake kwenye wavu. Mimi naegemea huku, na sishangai kwamba kwenye orodha ya WHO ya 2017 ya bakteria sugu kwa dawa, wale wa hatari ya juu kabisa walikuwa wote Gram hasi.

Lakini jamani utando nao una gharama yake. Vitundu vilevile ndo mlango wa chakula, akivipunguza ili kuzuia dawa naye anakula kwa shida, halafu mafuta ya ule utando ndiyo kinga ya mwili inayatambua haraka sana, yani ngao hiyohiyo ndo inamchongea.