Fungu la Bustani Tanga Lianzie Mguuni mwa Ukuta

Makisio ya halmashauri yakijadiliwa, bustani na majengo ya kale huwekwa kwenye mafungu mawili yasiyojuana. La bustani hupita haraka, maana nyasi zinaonekana na picha yake inapendeza. La majengo huahirishwa: tusubiri mfadhili, tusubiri wizara. Kwa eneo la kati la Jiji la Tanga, kule kwenye Boma la Wajerumani na maduka ya zamani yenye vibaraza, mgawanyo huo sioni mantiki yake.

Tuanze na sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Tanga ya Wajerumani imekuja baadaye. Reli yenyewe ilianza kujengwa 1893. Jengo la zama hizo likitaka kinga ya sheria hiyo, mpaka waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Umiliki nao una mambo yake: majumba mengi ya mjini yalitaifishwa 1971, yakaenda kwa Msajili wa Majumba na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Ukuta wa namna hiyo diwani hana mamlaka ya kuukarabati. Alichonacho ni njia ya waenda kwa miguu, mtaro, mti wa barabarani na kibali cha ujenzi. Yaani ana ile mita moja na nusu iliyo mbele ya ukuta, na hapo ndipo kuta hizi zinapoharibikia.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji ya ardhini kama utambi, kisha huyapumua nje. Ukipanga bloki za saruji mpaka zikagusa ukuta, ardhi haipumui tena. Unyevu wote unapandia ukutani. Mwenye nyumba akiona rangi inabanduka, anapiga plasta ya saruji. Kosa juu ya kosa: saruji inafungia maji ndani, alama ya unyevu inapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya plasta na kulisaga jiwe likawa unga. Baada ya misimu michache plasta inadondoka vipande vizima, ikibandua na uso wa jiwe.

Bustani nayo inachangia. Ukoka uliopandwa hadi ukutani na kumwagiliwa asubuhi na jioni ni masika ya mwaka mzima. Mkungu ni mti mzuri wa kivuli, sina ugomvi nao, lakini usogezwe mita sita hivi kutoka ukutani, na majani yake yanayoanguka kwenye gata, mfereji wa ukingo wa paa, yaondolewe kabla ya mvua. Miche ya mtini inayochipua kwenye nyufa isikatwe tu, itachipua tena. Ing'olewe na mzizi ingali midogo, kisha ufa uzibwe kwa chokaa.

Kwa hiyo kwenye mchanganuo wa gharama za bustani, kazi ya kwanza iwe maji. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000, simtanki zima, na pasipo gata yote yanaangukia kwenye msingi. Ndiyo maana gata na bomba la kuteremshia maji hadi mtaroni yana haki ya kulipiwa na fungu hili, kwa makubaliano ya maandishi na mwenye jengo. Bloki ziishie sentimita 60 kabla ya ukuta, na hapo katikati pajazwe kokoto. Uso wa njia uwe chini ya sakafu ya jengo kwa sentimita 15 angalau, na uteremke kuelekea mtaroni sentimita mbili kwa kila mita. Mafundi hupenda kupanga bloki mpya juu ya lami ya zamani ili kuokoa gharama ya kuchimba. Hapo ndipo njia inapopanda juu ya kizingiti na maji yanaingia ndani.

Kibali cha ukarabati nacho kiwe na sharti: plasta ya chokaa iliyolowekwa vizuri, sehemu moja kwa tatu za mchanga wa mtoni, siyo wa baharini wenye chumvi, na ifunikwe magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa isikaushwe na jua.

Waheshimiwa madiwani waangalie pia tarehe za mkataba. Kazi ikikamilika na kukabidhiwa Septemba na kipindi cha uangalizi, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, kikiwa miezi sita, kinaisha Machi, masika ndiyo kwanza yanaanza. Mtaro uliojengwa kinyume na mteremko utajulikana Aprili, mkandarasi keshalipwa hadi senti ya mwisho. Uangalizi uwe miezi 12, na sehemu ya malipo izuiwe mpaka mvua za Mei zipite.