Acheni Kuzifunika Kuta za Matumbawe kwa Simiti

Pita Mji wa Kale wa Mombasa utaona ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa plasta ya simiti, laini, kijivu, na mwenye nyumba ameridhika. Haipiti miaka mingi plasta inavimba, ukiigonga inalia uwazi, kisha inabanduka na vipande vya jiwe. Fundi anaitwa tena, anaongeza simiti ileile. Inauma, maana sababu inajulikana.

Jiwe la tumbawe na chokaa asili yake moja: kalsiamu kaboneti. Lichome tanurini kwa nyuzi 900 hivi, kaboni dioksaidi itatoka na kuondoka na asilimia 44 ya uzito. Ukitia maji kinachobaki kinachemka; ukikipiga ukutani kinavuta gesi ileile kutoka hewani, kidogo kidogo, kinarudi kuwa jiwe. Fuwele zake huacha vinyweleo vilivyo wazi, mvuke unapita. Fort Jesus, ngome ya Mombasa iliyojengwa 1593 hadi 1596, imesimama kwa matumbawe na chokaa.

Simiti ina umbile jingine. Silikoni na oksijeni hushikana kwa kuchangia elektroni, zikafanya minyororo ambayo pamoja na kalsiamu na maji huwa gundi nzito yenye matundu madogo mno. Nguvu yake iko hapo, na hapo ndipo inapotuponza: maji yakishaingia nyuma yake hayapati pa kutokea.

Na maji yetu yana chumvi. Ioni za sodiamu na kloridi, chembe zenye chaji zinazounda chumvi, hupanda nayo kutoka msingini. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi chumvi inayeyuka. Ukishuka inaganda tena kuwa fuwele. Unyevu wa hewa ya Mombasa hupanda na kushuka kwenye kiwango hichohicho, usiku na mchana! Kila fuwele inayokua ndani ya kinyweleo inasukuma pande zote. Penye chokaa hukulia kwenye plasta yenyewe, nayo ndiyo inayochakaa. Unaitengeneza, jiwe limesalimika. Penye simiti hukulia nyuma, ndani ya jiwe, na jiwe likishakuwa unga hakuna fundi wa kulirudisha.

Haya, kwa slabu na nguzo simiti ina kazi yake, na chokaa inataka subira.

Anayetaka kuokoa ukuta abandue simiti kwa tindo na nyundo ndogo, si kwa mashine ya kutikisa. Auache ukauke. Chumvi iliyojitokeza aisugue kwa brashi kavu. Akiiosha, anairudisha ndani. Chokaa iwe imelowekwa wiki kadhaa, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga mkali wa mto. Mchanga wa ufuoni ni kujipandia chumvi kwa mkono wako. Ukuta uloweshwe kwanza, tabaka lisizidi milimita 10 hivi, maana gesi ya hewani lazima ifike ndani, na la pili lingoje la kwanza lishike. Kisha gunia bichi, siku kadhaa, kulikinga jua: bila unyevu gesi hiyo haiingii kazini, na plasta inabaki unga unaotoka kwa kidole.

Rangi nayo iwe ya chokaa. Ya plastiki ni utando wa minyororo mirefu ya polima, na utando huo unaziba vinyweleo vyote mlivyohangaika kuvifungua.