Huku hata kujitolea kuna likizo

Mdogo wangu anafundisha Fizikia na Hisabati kwenye shule ya kata, nje kidogo ya Moshi. Nasema anafundisha, sisemi ameajiriwa. Ana shahada, ana vipindi 24 kwa wiki, anashika zamu kama walimu wengine, na mwisho wa mwezi wazazi wakichanga vizuri anaondoka na elfu 60. Wasipochanga anaondoka na shukrani. Huu ni mwaka wa nne. Ukimuuliza anafanya nini, anajibu kama wenzake wote: "Najitolea, dada, nasubiri ajira."

Siku nilipomwambia kwenye simu kwamba nilipokuwa najitolea huku Ujerumani nilikuwa na siku 26 za likizo kwa mwaka, alicheka mpaka simu ikamdondoka. Alipoiokota akaniuliza: "Likizo ya kujitolea? Sasa wakikunyima, unaacha kujitolea?"

Tangu siku hiyo swali lake halijaniacha. Kwetu neno hili limebebeshwa mizigo isiyofanana. Kuna kujitolea kwa mgeni mwenye begi mgongoni, aliyekuja kwa miezi kadhaa na ambaye siku ya kuaga atachinjiwa mbuzi na kuvishwa kitenge. Halafu kuna kujitolea kwa mdogo wangu, ambako ni jina la heshima la kufanya kazi bila mshahara. Mimi nilipitia mlango wa tatu. Nilikwenda kujitolea kwa hao hao wanaotuletea watu wa kujitolea.

Nilifika Septemba 2022, nina miaka 23, diploma ya ustawi wa jamii na Kijerumani cha kuunga kwa gundi. Ile tiketi ya euro 9 ya kuzunguka na mabasi na treni nchi nzima ilikuwa imeisha Agosti 31, kwa hiyo hata sikuionja. Kamji kenyewe kako karibu na Tübingen, mji ambao na Moshi ni miji ndugu tangu 2014. Nilidhani basi watu watajua nimetoka wapi. Waliijua Kilimanjaro, ya kwenye pakiti ya kahawa.

Utaratibu niliokwenda nao una sheria yake. Zamani vijana wa kiume waliokataa kushika bunduki walitumwa hospitalini na kwenye nyumba za wazee badala ya jeshini. Jeshi la lazima liliposimamishwa mwaka 2011, huko kote kukabaki pengo la mikono, na Julai mwaka huohuo serikali ikaanzisha utumishi wa hiari wa nchi nzima, ulio wazi kwa kila aliyemaliza elimu ya lazima. Kwa hiyo asije mtu akawapamba kupita kiasi: walihitaji watu. Ila hitaji lao waliliandikia karatasi. Nilikuwa na mkataba, chumba, bima, siku 25 za semina, posho ya mfukoni na mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuulizwa nikiharibikiwa.

Nyumba ile wanaishi watu wazima 24 wenye ulemavu wa akili. Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Mimi nilipewa siku ya kwanza, saa moja na nusu asubuhi, na lilikuwa dekio. Miezi miwili nilidekia, nikapanga vikombe, nikapaka siagi mikate, nikasukuma viti vya magurudumu hadi kwenye gari la karakana. Sikuruhusiwa kugawa dawa. Sikuruhusiwa kumwogesha mtu nikiwa peke yangu. Hata kucha za mkazi mmoja mwenye kisukari sikuruhusiwa kuzigusa. Diploma niliyosomeshwa kwa ndizi za mama ilikaa kwenye bahasha. Niliumia, sifichi. Nilijiona nimetoka afisa ustawi mtarajiwa nikawa dada wa kazi, tena nimepanda ndege kuifuata hiyo kazi.

Leo niko mwaka wa mwisho wa mafunzo ya uuguzi hukuhuku, na vijana wanaokuja kujitolea wanapita mikononi mwangu. Nami siwaruhusu kukata kucha za mwenye kisukari. Kidonda kidogo cha mguuni, ambacho yeye mwenyewe huenda asikisikie, kinaweza kumfikisha kukatwa mguu. Wakinuna, nawaacha wanune.

Sasa turudi Moshi. Nikiwa field ya chuo, kabla sijaondoka, kwenye kituo kimoja cha kulelea watoto, alikuja binti wa Kijerumani wa miaka 18, ndiyo kwanza katoka sekondari. Jumatatu alifika. Jumatano alikuwa mbele ya darasa la pili anafundisha Kiingereza, lugha ambayo si yake wala si ya watoto. Hakuna aliyemuuliza cheti. Mwalimu wa darasa, mama wa watu mwenye miaka mingi kazini, alihamia dawati la nyuma na kazi yake ikawa kunyamazisha wanaopiga kelele. Jioni moja tunakula ndizi za kuchoma, yule binti akaniambia kwamba kila asubuhi tumbo linamsokota, hajui afundishe nini. Hakuja kututapeli. Sisi ndio tuliompandisha jukwaani, kwa sababu tumesema mgeni njoo mwenyeji apone mpaka tumesahau kumuuliza mgeni kama ni daktari.

Alipoondoka, mtoto wa miaka minne aliyekuwa hambanduki alikaa getini siku tatu, anasubiri. Nikamwambia mlezi. Akanijibu huku anafua, "Atazoea. Mwingine anakuja Septemba."

Programu kubwa ya serikali yao inayoleta vijana kama yule, weltwärts, ilianza 2008. Mlango wa vijana wa kwetu kwenda kwao kwa programu hiyohiyo ulifunguliwa 2013. Kwa miaka mitano mizima ilikuwa njia ya upande mmoja: wao wana cha kutoa, sisi tuna cha kupokea. Hata leo, kijana wao akija anaulizwa lini atafika. Wa kwetu akiomba kwenda anaulizwa atathibitishaje kwamba atarudi. Dirishani kwa viza nilijieleza kuhusu shamba la kahawa la familia kwa ufasaha ambao haujawahi kunijia tena. Shamba lenyewe ni miche ya kuhesabu kwa vidole, katikati ya migomba.

Tusiseme karatasi zao zilinifanya niishi raha. Kijerumani nilichojifunza darasani kilinifikisha uwanja wa ndege, kikaishia hapo, maana watu wa Schwaben, eneo hili la kusini nilikofikia, wana kilugha chao na hawakitafsiri kwa ajili ya mtu. Na saa, sijui nani alizilaani. Wiki ya pili msimamizi akaniambia kesho unaingia *halb neun*. *Halb* ni nusu, *neun* ni tisa. Nikahesabu kama Mswahili: tisa na nusu, kwa saa zetu saa tatu na nusu asubuhi. Nikalala usingizi mnono. Kumbe Mjerumani akisema nusu tisa anamaanisha nusu ya kuiendea tisa, yaani nane na nusu ya kwao, saa mbili na nusu yetu. Nilifika nimechelewa karibu saa nzima, huku natabasamu kwamba nimewahi dakika tano. Hakufoka. Alitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, akasema, "Vikombe bado." Bora angefoka.

Kusifiwa ndiyo usahau. Wana msemo wao, *net gschimpft isch globt gnug*: usipokaripiwa, umeshasifiwa vya kutosha. Nilikulia kwenye nyumba ambapo ukirudi kisimani unaambiwa ahsante mwanangu, pole kwa kazi. Huku nilimaliza miezi mitano sijui kama napendwa au navumiliwa. Jumapili ya kwanza nilitoka kutafuta nyanya, nikakuta mji umefungwa kama kuna msiba. Desemba giza linaingia saa kumi na moja jioni na kutoka saa mbili asubuhi. Kwenye ngazi za jengo nililoishi kulikuwa na kibao kinachohama mlango hadi mlango. Kikining'inia kwako, wiki hiyo kufagia ni zamu yako. Majirani wangu hawakuwahi kunigongea kunisalimia. Walinigongea mara moja, kuniambia nimesahau chini ya zulia la mlangoni.

Pesa nayo. Posho yangu ilikuwa euro 380. Kwa fedha zetu wakati ule ni karibu laki tisa, zaidi ya mshahara wa mwalimu anayeanza kazi. Jaribu kumweleza mama kwamba hiyo ni posho ya kijana wa kujitolea. Kwenye kikoba chake nilikuwa nimeshaandikwa mtoto wa Ulaya. Nilitumiwa picha ya bati, kisha ya jino la shangazi, kisha mwaliko wa kamati ya harusi ya mtu nisiyemjua, ahadi yangu imeshajazwa. Nilikula mkate na mayai wiki mbili mbili ili nitume laki moja, na nikituma naulizwa kama nimebana kidogo mwaka huu. Mwenzangu wa Kijerumani kwenye utumishi uleule, posho ileile, aliitumia kwenda kuteleza kwenye theluji. Sheria ilitulipa sawa. Simu zetu hazikulia sawa.

Kuna siku moja ya semina ambayo ilinigeuza. Walitupeleka Grafeneck, juu ya milima ya Schwaben. Ni mahali pazuri, miti na farasi. Mwaka 1940 watu zaidi ya 10,000 wenye ulemavu na wagonjwa wa akili waliletwa pale kwa mabasi, kutoka kwenye nyumba za malezi kama ile ninayofanyia kazi, wakauawa kwa gesi. Waliowapandisha kwenye mabasi walikuwa watumishi wenye magauni meupe na orodha mkononi. Leo pana kumbukumbu, na hapohapo wanaishi tena watu wenye ulemavu, unawakuta wanakunywa kahawa. Nilirudi nikiwaza yale makatazo yangu yote, usimwogeshe peke yako, usimguse kabla hujamwambia, andika kila kitu. Sikuyaona tena kama dharau kwa diploma yangu.

Ndani ya basi kiongozi wa semina akauliza kama na nchi zetu zina kumbukumbu za aina hii. Nikawasimulia Mangi Meli, chifu wa Kichagga, aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi mwezi Machi 1900, na ukoo wake unaosema kichwa kililetwa Ujerumani na unakitafuta mpaka leo. Kimya kikatanda. Kisha kijana wa kiti cha nyuma akauliza kwa upole kabisa, "Wajerumani walikuwa Tanzania?" Alikuwa amemaliza sekondari na alama nzuri. Nadhani zile siku 25 za semina zingekuwa 26.

Kilichonibakiza, hata hivyo, si sheria wala semina. Kulikuwa na mkazi mmoja mzee, asiyezungumza. Miezi ya mwanzo alikuwa akinishika mkono, anageuza kiganja juu, halafu mgongo wa mkono, halafu kiganja, kama anayekagua kitambaa sokoni. Nilikasirika, kisha nikazoea. Mwezi wa saba niliingia zamu ya asubuhi nikakuta ameshaweka kikombe mezani pembeni ya chake, mpini umeelekea upande wa kushoto. Mimi ni wa mashoto. Katika nyumba ile nzima hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameliona hilo.

Nikiulizwa na wadogo zangu kama waje, nawaambia njooni, lakini msije kwa sababu ya neno Ulaya. Njooni mkiwa tayari kushika dekio, na kabla ya kupanda ndege waambieni nyumbani posho ni shilingi ngapi na ya nini. Na wale wa kwetu wanaopokea wageni, naomba sana: wapeni dekio nao. Mwacheni mwalimu wa darasa asimame mbele.

Desemba iliyopita nilikwenda likizo. Mdogo wangu alikuwa anaomba kazi kwenye shule moja binafsi, wanataka barua ya uzoefu, na pale anapojitolea kila akiuliza anaambiwa nenda rudi, karatasi zenye nembo zimeisha. Nikamwonyesha cheti changu cha utumishi. Ni kurasa mbili: tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, kazi moja moja niliyofanya hadi vikombe, na mstari kwamba nilikuwa naaminika. Alikisoma kimyakimya, hakucheka safari hii. Tukakaa sebuleni mpaka usiku tunaandika cha kwake kwa mtindo huohuo: madarasa, vipindi, zamu, maabara aliyoipanga upya, wanafunzi waliofanya mtihani mikononi mwake. Kikafika kurasa mbili na nusu. Asubuhi tukaenda naye, karatasi tumenunua wenyewe. Mwalimu mkuu alivaa miwani, akaisoma yote, akarudia ukurasa wa kwanza, akauliza, "Haya yote umeyafanya hapa?"

"Ndiyo, mkuu."

Akafungua droo akaanza kutafuta muhuri.